Figa la Tatu

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anaishi Leicester, Uingereza, ambako kila majira ya baridi humlaza kobe wake ndani ya friji. Hilo si utani. Kobe wa nchi za Mediterania, ambao hufugwa sana huko, hulala usingizi wa baridi kwa wiki nyingi, na kwa kuwa hali ya hewa ya Uingereza haina msimamo, wafugaji wengi huona ni salama zaidi kuwaweka kwenye friji lililotegeshwa kwenye nyuzi 5 hivi za Selsiasi, wakilifungua mara kwa mara ili hewa iingie. Baridi ikishuka chini ya sifuri kobe anaweza kupofuka. Joto likipita nyuzi 10 huanza kuamka na kutumia akiba ya mwili wake bure. Ni elimu nzuri kabisa kwa mkazi wa Leicester. Agosti ile, kwa bahati mbaya, alikuja nayo Mwanza.

Sisi tunaishi Bugarika, mlimani, na kobe wetu anaitwa Mheshimiwa kwa sababu hajawahi kufika mahali kwa wakati. Ni kobe wa savana, gamba lake limeinuka kama beseni lililofunikwa, lina madoa meusi juu ya manjano iliyofifia, na tunamfuga kwa kibali ambacho tumekiwekea plastiki, maana masuala ya nyara za serikali si ya kuchezea. Kobe wa aina yake halali usingizi wa baridi. Kiangazi kikikolea hujibanza kivulini, akapunguza kula na kutembea, na mvua zikirudi naye hurudi kwenye shughuli zake. Nilimweleza shemeji haya yote taratibu, tukiwa tumekaa barazani.

"Shemeji," akanijibu, "kobe ni kobe."

Alikuwa amekuja kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yetu, na kwa kuwa mjomba ana nafasi yake katika shughuli kama hiyo, hakuna aliyethubutu kumbishia. Akaanza na mfungo. Kobe anayekwenda kulazwa hupaswa kuwa na tumbo tupu, kwani kwenye baridi chakula hakisagwi, bali huozea humo humo. Basi akamfungia Mheshimiwa stoo, akawa anamwogesha kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi, anampima kwa mzani aliouazima kwa mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, na kuandika uzito kwenye daftari. Asichokijua ni kwamba mke wangu, ambaye hawezi kuvumilia kiumbe chochote kishinde njaa nyumbani kwake wakati wa shughuli, alikuwa akipitisha mchicha, mchunga na maganda ya tikiti chini ya mlango wa stoo kila kaka yake alipotoka. Daftari lile linastahili kuhifadhiwa. Kadiri mfungo ulivyoendelea, ndivyo Mheshimiwa alivyonenepa. Shemeji akaubeba mzani hadi Mwaloni kulalamika, na mchuuzi, bila kucheka, akakiri kwamba huenda unazidisha kidogo, ila hajawahi kupata malalamiko kutoka kwa mtu ambaye hakununua kitu.

Likafuata suala la friji, ambalo lilijadiliwa sebuleni mbele ya friji lenyewe.

"Dada, sato wapande juu, Mheshimiwa akae chini. Hawatagusana."

"Kaka, hawa ni sato wa wageni. Kobe akiingia humu, mimi natoka, na wakwe utawapokea wewe."

Walikuwa bado wanavutana pale umeme ulipokatika. Haukurudi mpaka usiku, na kipimajoto ambacho shemeji alikuwa ameshakining'iniza ndani kikafika nyuzi 19. Hakusema kitu. Alikichomoa, akakipangusa kwa shati, akatangaza kwamba Mheshimiwa angelala kwenye boksi lenye nyasi kavu, humo humo stoo, ambamo alipapima na kuparidhia.

Usiku wa kuamkia sherehe, vijana waliingia stoo kutoa mchele na vitunguu, nao, kama kawaida ya vijana, wakaacha mlango wazi. Mheshimiwa akatoka kwenye boksi, akaenda nyuma ya jiko, akajibanza katikati ya mawe, akaingiza kichwa ndani.

Saa kumi alfajiri shangazi yangu kutoka Magu, mpishi mkuu wa shughuli zote za ukoo, alifika na kikosi chake na kuanza kupanga mafiga gizani. Mawili yalikuwepo. La tatu walilipata hapo hapo nyuma ya jiko, la mviringo, la kimo kinachofaa, jepesi kuliko lilivyoonekana, lakini saa hizo hakuna aliyekuwa na muda wa kulihoji. Wakabandika sufuria ya chai, wakatia maji kidogo, wakapanga kuni, wakawa wanatafuta kiberiti.

"Anayesukuma sufuria yangu aache!" shangazi akasema.

Hakuna aliyekuwa anasukuma. Sufuria ikainama, ikamwaga maji yote kwenye kuni, na figa la tatu likatoa kichwa, likamtazama shangazi, likaanza kuondoka.

"Jiwe linatembea!"

Katika mji mwingine kilio hicho kingeulizwa maswali. Bugarika, ambako mtu hujenga chini ya mwamba, juu ya mwamba, au akaufanya mwamba kuwa ukuta wa nyuma ili kupunguza gharama za matofali, hakikuulizwa hata moja. Kiliteremka mlima nyumba kwa nyumba, na kila kilipopita jiwe lilizidi kukua. Watu walitoka na magodoro, wakatoka na televisheni na mbuzi. Jirani yangu mmoja, mzee makini, alitoka na hati ya kiwanja tu, kisha akarudi kumchukua mkewe. Mwenyekiti wa mtaa alifika amevaa msuli na koti la suti.

"Jiwe lenyewe liko wapi?"

Tukamwonyesha. Wakati huo Mheshimiwa alikuwa amelifikia kapu la kabichi za kachumbari na alikuwa anaendelea vizuri. Shemeji, tochi mkono mmoja na kipimajoto mkono wa pili, akajitokeza kueleza suala zima tangu Leicester.

"Umesema friji?" mwenyekiti akauliza.

"Friji, mwenyekiti. Nyuzi 5."

"Na umeme ukikatika?"

Mjomba akaangalia chini. Mwenyekiti akaomba kibali, akakisoma mbele na nyuma, akaturudishia, kisha akauliza kama chai ipo. Chai haikuwepo, kuni zilikuwa zimelowa, na figa la tatu lilikuwa linakula. Shangazi akamgeukia mjomba wa bibi harusi na kumwagiza, mbele ya mtaa mzima, akatafute jiwe jingine mara moja. Jua lilikuwa limeshachomoza aliporudi, kutoka katika jiji ambalo nchi nzima inaliita Jiji la Miamba, akiwa amebeba matofali mawili ya kuazima.