Kaa Mshazari

Kwetu Malindi mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa hutangulia kunawa, hutangulia kutia mkono kwenye sinia, na akiwapo barazani hutangulia hata kukohoa. Nimelelewa hivyo, wala sikuwahi kufikiri kwamba adabu hiyo ingekuja kuingia katika mkataba wa nyumba ya milioni 4 na laki 8.

Nyumba zenyewe zilikuwa kumi na mbili, upande wa kwenda Sabaki, zote sura moja kama mahamri ya karai moja. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza zilikuwa bado msingi na nondo. Dalali alinitembeza juu ya kokoto akinichorea hewani kwa kidole: hapa sebule, hapa jiko, hapa baraza, na pale bahari. Bahari sikuiona. Nikasema moyoni iko nyuma ya lile lundo la mchanga. Dalali huyu alikuwa na kipaji. Akitaja bei, pale palikuwa mjini kabisa. Nikimuuliza ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 na mashambani 2, pakawa shamba.

Mkataba aliuleta dukani kwangu, ninapouza spea za tuktuk, saa sita na nusu, muadhini keshaanza kusafisha koo. Kusi ilikuwa ikivuma, karatasi zinapepea, nikazikandamiza kwa pistoni kuukuu. (Ukurasa wa tatu una duara la oili mpaka leo.) Mjomba wangu alikuwa kwenye benchi na kikombe chake cha kahawa chungu, kama kila siku, anasubiri adhuhuri. Miwani kaisahau nyumbani. Dalali akasema anahitajika shahidi, nami nikasema, shahidi si huyu hapa? Muhuri wa wakili wa mradi, akasema, utagongwa baadaye.

Kiingereza chake kilikuwa cha mahakamani: sentensi inaanza ukurasa wa nne, inakuja kupumua wa sita. Nilisoma kurasa mbili za mwanzo kwa utulivu mkubwa, nikiitikia kwa kichwa, kwa sababu mjomba alikuwa ananitazama. Kisha nikafunua upesi hadi mwisho. Dalali akanipa kalamu. Nitasaini vipi mbele ya mjomba kabla ya mjomba? Nikampa yeye. Akasaini mstari wa kwanza, akaandika na nambari ya kitambulisho chake, tarakimu zimenyooka kama safu ya sala. Mimi nikasaini chini yake. Adhana ikaanza, dalali akakunja makaratasi, kila mtu akashika njia. Amana ya asilimia 10, yaani 480,000, nililipa siku ile ile.

Miezi minane baadaye tukaitwa kuona nyumba. Tulikwenda na tuktuk mbili: mke wangu, watoto, mjomba, na mama yangu aliyepakata chetezo na ubani wa kufukizia vyumba. Tulipokelewa na msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye kofia ngumu ya manjano.

Nikauliza bahari iko wapi. Akanipandisha juu ya paa, akanisimamisha kando ya tangi, akanambia ninyanyuke kwa vidole. Kweli, mbali kule palikuwa na ufito mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Tena haukuwa wa buluu. Zilikuwa siku za mvua, na mvua zikinyesha bara Mto Sabaki huteremsha udongo wote hadi baharini, maji ya Malindi yakawa kama chai ya maziwa. Milioni 4 na laki 8, nimesimama kwa vidole, natazama chai.

Niliposhuka nikamkuta mke wangu anasugua ukuta kwa ncha ya leso. Lipu ilikuwa inatoa unga mweupe. Akauonja.

"Chumvi," akasema.

"Ni hewa ya bahari, mama," msimamizi akamjibu.

"Bahari ipi? Ile iliyoko nyuma ya tangi?"

Mjomba akakwangua kidogo kwa kucha, akatazama mchanga wake, akamtazama kijana. Hakusema neno. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa mchanga wa ufuoni ukoje.

Hayo yote pengine tungeyavumilia. Lipu hukwanguliwa, na bahari tunayo tangu tuzaliwe. Lakini mama alikuwa ameingia chooni na chetezo chake, na sasa alikuwa anatoka kinyumenyume, moshi unamfuata.

"Mwanangu," akasema polepole, "hebu niambie. Kibla ni wapi?"

Msomaji asiye wa huku aelewe: kutoka Malindi, Makka iko kaskazini, imeinama magharibi kidogo mno. Nasi hufundishwa tangu utotoni kwamba mtu akienda haja haelekei kibla wala hakipi mgongo. Mama hahitaji dira. Ukimfunga kitambaa machoni ukamzungusha mara saba, atasimama na uso kaskazini. Na choo kile cha kukaa, cheupe, kipya, bado kina karatasi ya dukani, kilitazama kaskazini sawasawa, kama imamu.

"Hilo dogo," msimamizi akasema. "Tutakigeuza."

"Utakigeuza vipi?"

"Kitazame huku." Akaonyesha kusini.

"Halafu kibla nikipe mgongo?"

Kijana akafikiri. Akapima kwa mikono kukielekeza mashariki, magoti yakagonga ukuta. Magharibi, mlango haufungiki. Chumba kilikuwa chembamba kama kabati. Ndipo akatoa ushauri ambao kwetu sasa ni msemo wa nyumbani:

"Si lazima kugeuza choo, mama. Mtu anaweza kugeuka yeye. Kaa mshazari."

Mama akanyamaza. Mjomba ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka elimu, "Mshazari kiasi gani?"

Yule kijana, Mungu amjalie, akashusha kifuniko akakaa kuonyesha. Na suruali yake, na kofia yake ya manjano, bega moja ukutani, mguu mmoja mlangoni, shingo imepinda kuelekea dirisha la Watamu. "Hivi," akasema. Kifuniko kikalia ta! Kikapasuka katikati.

Tulirudi mjini bila kufukiza.

Kujitoa, basi. Nilimpigia mwenye mradi, mtu mwenye sauti ya asali. Akanieleza kwamba choo hakina kasoro, maji yanakwenda, na mkataba hautaji kibla popote. Unachotaja, akaongeza, ni kuwa mnunuzi akijitoa mwenyewe amana imekwenda. Nikatafuta, nikakikuta hicho kifungu. Kilikuwa ukurasa wa tatu, ndani ya duara la oili.

Nilijaribu kumuuzia nafasi yangu rafiki mmoja wa Barani. Akanijibu kwa salamu ndefu, kisha akauliza, "Ndiyo ile ya kukaa mshazari?" Malindi ni mji mdogo.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa wakili, mama wa makamo mwenye ofisi ya ghorofani na feni inayolia. Alisoma kila ukurasa, hata ule wa oili. Alipofika wa mwisho akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu aliyesaini kama mnunuzi ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe umesaini kama shahidi."

Nikainama. Mstari wa juu, wa mnunuzi: mjomba, na kitambulisho chake, safu imenyooka. Mstari wa chini, wa shahidi: mimi, kwa saini yangu ya kujidai yenye mkia.

"Umeshuhudia vizuri," akasema. "Na muhuri wa wakili hakuna."

Akanieleza taratibu. Sheria ya mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, haikubali mtu kushtaki kwa mkataba wa ardhi mpaka uwe umeandikwa, umesainiwa na pande zote, na saini ya kila upande imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Ukurasa wa kwanza unamtaja mnunuzi ambaye hakusaini. Wa mwisho umesainiwa na mnunuzi ambaye hatajwi. Mwenye mradi akisema mkataba ni halali, aonyeshe nyumba kamuuzia nani. Akisema si halali, ameshika amana ya nini? "Mahakamani mambo huwa marefu," akanionya, "na hela zimo mikononi mwao. Tuanze na barua." Barua ikaenda. Jibu likaja na dalali, na nakala mpya, na ombi la kusahihisha kosa dogo la kalamu. Sikuigusa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumsimulia mjomba. Nilidhani atacheka. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mnunuzi ni mimi?"

"Kwa makaratasi, mjomba."

"Nyumba hununuliwa kwa nini, kwa mahamri? Si kwa makaratasi?"

Kesho yake, baada ya alfajiri, mjomba alivaa kanzu, kofia na koti, akapanda tuktuk kwa deni langu, akaenda kwake.

Alikwenda wiki tatu mfululizo. Alichukua mkeka, buli la kahawa na dira aliyoazima kwa nahodha mmoja, akakaa kwenye baraza ya nyumba namba saba. Mafundi wakamzoea, wakaanza kumuuliza habari za mchanga. Naye akawa anawapokea wateja. Dalali akishuka na familia kutoka Mombasa, kabla hajachora sebule hewani, mjomba keshainuka: "Karibuni, karibuni jirani zangu!" Anawamiminia kahawa, anawapa tende, anawauliza ukoo hadi wanakuta wanajuana. Kisha, kama mwenyeji mwema, anawaingiza chooni na dira.

"Kimeelekea kibla," anawaambia, "lakini msijali. Mtakaa mshazari." Na kama wana muda, anawaonyesha.

Mwenye mradi alikuja mwenyewe kumtoa. Mjomba akachomoa nakala kwenye koti. "Saini hii ya nani? Ulimwandikia mpwa wangu kwamba mkataba ni halali, au si halali? Sema moja, niondoke au nihamie."

Nimeambiwa na fundi aliyekuwa ngazini kwamba ile sauti ya asali ilitafutwa siku hiyo haikuonekana.

Wiki hiyo hiyo tukaitwa ofisini kwa wakili kuvunja mkataba. Mwenye mradi hakubishana ila na jambo moja: akakata 2,500 za kifuniko. Nikataka kusema kilichovunja ni kofia ya manjano. Mke wangu akanifinya. Mjomba akasaini kama mnunuzi, mimi kama shahidi, safari hii wakili kashika kidole changu kabisa. Na kwa kuwa mnunuzi ni mnunuzi, 477,500 zikaingia kwenye akaunti ya mjomba.

Usiku ule sikulala. Mjomba hakuja dukani siku ya kwanza. Hakuja ya pili. Ya tatu akatokea, akakaa kwenye benchi, akanywa kahawa yake mpaka chini. Kisha akatoa bahasha ya benki na daftari la shule.

Daftarini alikuwa ameandika gharama zake zote za kukaa na wageni, siku kwa siku. Kahawa. Tende. Halwa, Ijumaa tu. Makaa. Zawadi ya nahodha kwa ajili ya dira. Kodi ya mkeka, mkeka wenyewe ukiwa wa mama yangu. Jumla 11,340, keshazikata. Nyumba ameniachia, akasema, ingawa alikuwa keshaanza kuipenda baraza yake.

Chini ya hesabu alikuwa amepiga mistari miwili ya saini, mmoja juu, mmoja chini. Akanisogezea kalamu.

Nikairudisha kwa mikono miwili. "Tangulia, mjomba."