Córdoba si matanga

Ami yangu alikuja kutoka Muscat na tasbihi mkononi, kilio kimemkaa kooni. Habari za Andalusia, Hispania ya enzi za utawala wa Waislamu, alizianza utotoni, chuoni Unguja, na tangu hapo hajaziacha. Mimi ninayeishi Madrid ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka Córdoba, uliokuwa mji wake mkuu. Treni ya mwendokasi haimalizi saa mbili, na njia nzima Ami hakusema ila neno moja: "Walitunyang'anya, mwanangu."

Sikumbishia. Kabla yake nimeshawapeleka wageni wengi kule, na Waislamu wa pwani yetu na wa Ghuba karibu wote huingia mji ule kama watu waliokuja kuhani. Husimama kwenye ua wa msikiti mkuu, ambao sasa ni kanisa, chini ya michungwa (machungwa yake ni machungu kama jina lake, usijaribu), wakatikisa kichwa, wakapiga picha, wakaondoka na huzuni ileile waliyokuja nayo. Maoni yangu, na najua yatawaudhi baadhi ya ndugu zangu, ni kwamba aliyekwenda Córdoba kulia hajaiona Córdoba.

Nenda asubuhi. Siku zisizo Jumapili msikiti hufunguliwa saa mbili na nusu, na saa ile ya kwanza kwa kawaida huingii kwa tiketi, wala makundi yenye viongozi wa bendera hayajafika. Ukitoka juani ukaingia ndani, macho yanachukua muda. Kisha nguzo zinaanza kutokea moja moja gizani, hadi huoni mwisho wake. Zinapita 850. Ukizitazama kwa karibu utagundua hazifanani: hii ya marumaru ya waridi, ile ya kijivu, hii laini, ile ina mikunjo kama nguo iliyokamuliwa. Nyingi ziliokotwa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla. Kwa kuwa zilikuwa fupi kwa paa waliyoitaka, mafundi wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu kwa jiwe jeupe. Yaani uzuri ule unaowaliza watu ulitokana na fundi aliyepewa vifaa visivyotosha.

Aliyeuanzisha, mnamo mwaka 785, ni Abdulrahman wa Kwanza, na huyo naye alikuwa mkimbizi. Jamaa zake wa ukoo wa Bani Umayya walichinjwa na Bani Abbas, Waislamu wenzao, yeye akaponea kwa kukimbia mpaka huku mwisho wa dunia.

Mbele kabisa kuna mihrabu ya khalifa al-Hakam wa Pili, ya karne ya 10. Hapo Ami alisimama muda mrefu. Vipande vidogo vya kioo na dhahabu vimepangwa juu ya ukuta mpaka vinaonekana kama vinapumua mwanga unapohama. Kazi ile ilifanywa kwa msaada wa mfalme wa Byzantium, Mkristo, aliyemletea khalifa vigae na fundi wa kuvipanga. Waislamu hawaruhusiwi kuswali mle, na Ami alilijua hilo, kwa hiyo mikono aliiweka mfukoni, midomo tu ndiyo iliyokuwa ikitembea. Halafu akatoa simu afungue programu ya kibla. Sindano ikaikataa mihrabu, ikaenda zake kushoto. Kweli, msikiti ule umeelekezwa kusini zaidi kuliko Makka ilipo. Ami akaitikisa simu, akajaribu tena, sindano ikarudi kulekule. Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu Madrid.

Sasa tuje kwenye kanisa, maana ndilo linalowachoma watu. Ferdinand wa Tatu, mfalme Mkristo, aliuteka mji mwaka 1236 na msikiti ukageuzwa kanisa, lakini kwa karibu miaka 300 waliuacha karibu kama ulivyokuwa. Balaa lilikuja mwaka 1523, askofu alipotaka kanisa refu la kisasa katikati ya nguzo. Baraza la mji, Wakristo watupu, lilikataa kata kata, hata likawatishia kifo mafundi watakaobomoa. Mfalme Charles wa Tano akampa askofu haki. Matokeo yake unayaona: kama kabati kubwa lililoingizwa katika sebule ya watu, likakwama, likaachwa pale. Mimi silipendi. Lina dari zuri, lina mbao zilizochongwa kwa ustadi, na bado silipendi.

Lakini ebu tuulizane. Al-Mansur, waziri aliyeupanua msikiti mara ya mwisho, aliivamia Santiago, mji wa hija wa Wakristo kaskazini, mwaka 997, na masimulizi yanasema kengele za kanisa la huko zilibebwa mabegani mwa mateka Wakristo hadi Córdoba, zikageuzwa taa za msikiti. Mwaka 1236 kengele hizohizo zikarudishwa Santiago, mabegani mwa mateka Waislamu. Mwenye kulia amlilie nani? Na sehemu hiyo ya al-Mansur, kwa taarifa yako, matao yake hayana tofali hata moja. Ni jiwe tupu lililopakwa rangi nyekundu. Haraka ya siasa haikuanza leo.

Jambo jingine ambalo nilimwambia Ami naye akanyamaza: jengo lile limesimama kwa sababu halikuwahi kukosa mwenyewe. Kila karne palikuwa na mtu wa kuziba paa lake. Sisi, Beit al-Ajaib yetu, Forodhani, sehemu yake ilianguka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na hakukuwa na askofu wala Charles wa Tano.

Tukatoka tukaingia mtaa wa Wayahudi, vichochoro vinavyopindana kama vya Shangani. Sinagogi la mwaka 1315 ni chumba kimoja kidogo tu, dakika kumi zinatosha. Karibu yake kuna sanamu ya Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi, na watalii wamempapasa kiatu mpaka kinang'aa. Yeye na jamaa zake waliukimbia mji huu utawala wa Almohadi, Waislamu waliotoka Maghrib, ulipowabana wasiokuwa Waislamu, na mwishowe akawa tabibu wa wakubwa wa Cairo, Waislamu pia. Nje ya ukuta kuna sanamu nyingine: amekaa mwanafalsafa Ibn Rushd, mzaliwa wa hapa, kitabu mkononi. Almohadi haohao walimfukuza mwaka 1195 na vitabu vyake vikachomwa. Nilimwonyesha Ami wote wawili. "Kumbe," akasema, na hakuongeza.

Chakula cha mchana nitakipitia haraka. Tuliagiza salmorejo, nyanya zilizosagwa na mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, inaliwa baridi, na siku ya joto haina mpinzani. Nilimwambia mhudumu mara mbili: bila nyama ya nguruwe. Ikaja imenyunyiziwa juu. Yeye kwa maoni yake vile vipande vidogo si nyama, ni kiungo. Ukienda, sema mara tatu.

Kama ni kulia, mimi nina langu la kulilia, nalo halina uhusiano na mwaka 1236. Ni visanduku vya funguo vyenye namba, vilivyobandikwa pembeni ya milango ya vichochoro vile. Kila kisanduku ni familia iliyohama na nyumba ikawa ya wageni wa siku mbili. Asubuhi mlio unaousikia ni magurudumu ya masanduku juu ya mawe. Kwenye kichochoro cha maua kuna foleni ya kupiga picha, lakini mkazi humwoni. Nami nakiri: usiku ule tulilala katika nyumba ya namna hiyo, nilibonyeza namba kwa mkono wangu.

Watu bado wapo, ila sharti uwafuate. Kwenye mtaa wa San Basilio, ambao mwezi wa Mei hufungua nyua zake kwa mashindano ya maua, tulimkuta bibi mmoja akimwagilia vyungu vilivyotundikwa ukutani hadi juu kabisa. Hakuwa na ngazi. Alikuwa na kopo lililofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, analiinua, analiinamisha, tone halipotei. Mlango ulikuwa wazi, na ukumbi wake mdogo wa kuingilia ulimfanya Ami aseme, "Hili si daka hili?" Akakaa kizingitini bila kuombwa.

Bibi akatuletea sahani ya zeituni. Kwao zinaitwa aceitunas, na Ami akalishika neno lile mara moja. Nikamwambia yako mengine: azúcar ni sukari yetu, alcalde, mkuu wa mji, alianza akiwa kadhi, na hasta ni hata. Akamkazia macho yule bibi kama ndugu aliyekuwa akidaiwa barua. Tulipoinuka kuondoka bibi akasema, "Hasta luego," yaani hata baadaye. Ami akaweka mkono kifuani, akajibu kwa sauti kubwa, "Hata luego, bibi, hata luego!"