Bibi kanisahau, lakini yupo

"Wewe mtoto wa nani?" Bibi yangu wa Wete huniuliza hivyo kila nikenda kumtazama. Namtajia jina la mama yangu, yaani bintiye. Huitikia kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni, na punde huuliza tena.

Juzi barazani kijana mmoja alishikilia kwamba "mimi" ni njozi tu. Alimtaja David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliyeandika mwaka 1739 kwamba kila akijichungulia ndani hakuti nafsi. Hukuta joto au baridi, pendo au chuki, maumivu au raha, vikipita. Hoja nzito, na sikuwa na jibu pale pale. Kabla yake John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alikwisha kusema kinachomfanya mtu wa jana na wa leo kuwa mmoja ni kule kujikumbuka.

Basi bibi yangu keshaondoka, na huyu tunayemkogesha ni mwengine? Hilo nalikataa.

Roho siigusi. Sura ya Al-Israa, aya ya 85, imetwambia elimu tuliyopewa ni kidogo, nami nakomea hapo. Nasema nafsi, ile tunayoitaja tukisema "mimi nafsi yangu".

Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu za mambo mapya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku ya tatu alikuwa hodari, ingawa hakukumbuka hata kidogo kuwa aliwahi kuifanya. Aliyejifunza ni nani, kama si yeye?

Nikisoma habari hiyo namuona bibi na miyaa yake. Majina ya wanawe yamempotea, ila ukili anasuka, tena kwa mkazo ule ule wa zamani, na ukimpa miyaa iliyochanwa vibaya huitupa. Hume alichungulia ndani tu, hakutazama mikono.

Ijumaa iliyopita nilikaa ubavuni pake nikajaribu kusuka. Hakujua mimi nani. Aliutazama ukili wangu, akaguna, akaninyang'anya, akaufumua mpaka pale nilipokosea.