Tovuti Yako Umewahi Kuifungua kwa Simu?

Hivi karibuni nilikaa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Unguja. Tovuti anayo, na kailipia pesa nzuri, lakini wageni wake karibu wote wanapitia kwa mawakala wanaomkata kamisheni. Akanionyesha tovuti hiyo kwenye laptopu ya ofisini. Ilikuwa inapendeza kweli: picha za baraza, milango ya nakshi, bahari.

Nikamwambia, "Mama, hebu tuifungue kwa simu yako."

Maandishi yakawa madogo kama chembe za ulezi. Akayakuza kwa vidole viwili, mstari ukakimbilia nje ya kioo. Akavuta kulia, akapoteza mwanzo wake. Kitufe cha kuweka chumba kilikuwa huko kulia kabisa, ambako mtu asiyejua kama kipo hana sababu ya kukitafuta. Akanyamaza, kisha akauliza, "Ndiyo wanachokiona wageni hiki, mwanangu?"

Ndicho.

Linaniuma kwa sababu dawa yake ni ya zamani. Mei 2010 mbunifu wa Marekani, Ethan Marcotte, aliandika makala iliyoipa mbinu hii jina, "responsive web design": ukurasa ni ule ule mmoja, ila unajipanga upya kufuata kioo kinachoufungua. Upana unapimwa kwa asilimia, picha zinaruhusiwa kusinyaa, na kioo kikiwa chembamba safu tatu zinageuka moja. Mwaka 2015 Google nao wakaanza kuzipa nafasi ya juu kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, mtu anapotafuta kwa simu. Kwa hiyo tovuti inayomsumbua mteja inaweza hata isimfikie.

Na kwetu jambo hili ni zito zaidi. Watu wengi hapa hawakuanzia kwenye kompyuta wakahamia kwenye simu. Simu ndiyo kompyuta yao ya kwanza, na mara nyingi ya pekee. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008, tukazoea kulipa kwa kidole gumba. Leo mfanyabiashara anamtaka mtu huyo huyo asome ukurasa uliopimwa kwa meza ya ofisi!

Kuna bando pia. Anayefungua tovuti yako kwa bando lake amelipa kiingilio kabla hajaona bidhaa. Hapa hata mafundi wazuri wanateleza: picha ya MB 4 wanaifanya ionekane ndogo kwenye kioo, lakini simu inaishusha yote, MB 4 zile zile. Picha ndogo iandaliwe kwa ajili ya simu, na kivinjari, yaani programu inayofungua tovuti, kielekezwe kuichukua hiyo.

Ushauri wangu kwa mwenye biashara: usimalizie malipo ya fundi kabla hujaifungua kazi yake kwa simu ya bei ya chini, kwa bando, ukiwa umesimama nje juani. Bonyeza namba ya simu uone kama inapiga. Jaza fomu mpaka mwisho.

Kwa yule mama tulikileta kitufe chini ya picha ya kwanza na kupunguza uzito wa picha zote. Tulipomaliza alimwita dada wa mapokezi, akampa simu, akamwambia, "Niwekee chumba cha Ijumaa." Hakumwelekeza neno. Alisimama nyuma yake tu, akitazama kidole.