Duns Scotus na uwezo wa kuchagua vingine

"Ndivyo nilivyoumbwa." Kauli hii husemwa sana na watu waliokwisha kutenda jambo, na nimekuwa nikiamini kwamba aliyeijibu vizuri kuliko wote ni John Duns Scotus, mtawa Mfransisko kutoka Uskoti aliyefundisha Oxford na Paris, akafariki Cologne mwaka 1308.

Scotus anasema nguvu zinazotenda ni za aina mbili tu: maumbile, yaani kinachotenda kwa lazima, na utashi, yaani uwezo wa nafsi wa kuchagua. Moto ukigusa kuni kavu huunguza, hauna hiari. Utashi waweza kutaka, kukataa, au kujizuia usitake wala kukataa. Kinachonivutia ni kwamba akili anaiweka upande wa moto. Ukishaelewa kuwa mbili na mbili ni nne, akili hukubali, upende usipende. Kwa hiyo hata anayeijua haki barabara bado hajaitenda. Kuna hatua moja ambayo elimu haiwezi kumpigia.

Hapo ndipo mantiki yake inapoingia, na ndipo penye uzito. Tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ilisemwa kwamba kilichopo, kinapokuwepo, ni lazima kiwepo. Wengi wakaona basi kwamba uhuru upo kabla ya kuchagua tu: wakati unapochagua, huwezi tena kuchagua vingine. Scotus akakataa: katika nukta ile ile ninapotaka jambo, ninao uwezo wa kweli wa kutaka kinyume chake. Hasemi kwamba vyote viwili vinatokea pamoja. "Aliyeketi anaweza kusimama" ni uongo ikiwa maana yake ni kuketi na kusimama kwa wakati mmoja. Ni kweli ikiwa maana yake ni kwamba, hata akiwa ameketi, angeweza wakati huo huo kuwa amesimama.

Hakuwa mtu wa nadharia tupu. Mwaka 1303 Mfalme Philip wa Nne wa Ufaransa alitaka watawa wa Paris wamuunge mkono dhidi ya Papa Boniface wa Nane. Baadhi walikubali. Scotus alikataa, akalazimika kuondoka Ufaransa.

Wapinzani huuliza: kama hakuna kinachoulazimisha utashi, kwa nini umechagua hili na si lile? Scotus hujibu kwamba hakuna sababu nyingine ila kwamba utashi ni utashi. Wapo wanaoona amekwepa swali. Mimi naona amelijibu, kwa sababu anayedai sababu ya kulazimisha nyuma ya kila uchaguzi ameshaamua, kabla ya hoja kuanza, kwamba kila kitu ni maumbile.