Kubadili injini uani ni vitu vidogo vidogo tu

Mtu akikwambia injini ya Toyota Starlet inabadilishwa kwa siku moja muulize siku ya nani, maana fundi ana siku zake, fundi umeme ana zake, na mvua za masika nazo zina zake, na hao watatu uani kwangu hawajawahi kupatana hata kidogo.

Ndo hivo jamani. Nina Starlet EP82 ya mwaka 1993, namba A, zile namba za usajili za mwanzo mwanzo, na najua mkishasikia namba A tu mshanihukumu, dunia ipo namba E huko mi bado nazunguka na A, lkn gari ni langu na halina deni la mtu. Shida yake ilikuwa moja tu, linakula oili. Fundi aliniambia moshi mweusi ni petroli nyingi, mweupe ni maji yameingia, wa bluu ni oili inaungua, ringi za pistoni zimechoka, na wangu ulikuwa bluu ya shati la shule. Jioni nikirudi watoto wa mtaani wanatoka mbio wanashangilia wakijua ni gari la kupulizia mbu, na kuna mama mmoja mtaa wa nyuma alinisimamisha akaniomba kwa heshima kabisa niwe napitia na kwake, haswa upande wa dirisha la watoto.

Nikamwambia fundi tufanye ovahoo, yaani tuifungue injini ileile tuitengeneze upya. Akacheka. "Ovahoo ya nini bosi, toa hiyo 4E weka 5E, inakaa palepale, giaboksi ileile, unasahau." Na hapo wala hakunidanganya, hizo injini ni ndugu wa tumbo moja, 4E-FE ina cc 1331 na 5E-FE ina cc 1497, tundu la pistoni zote ni milimita 74, tofauti ya cc inatokana na mwendo wa pistoni, umetoka milimita 77.4 hadi 87. Hiyo 5E ndo iliyokuwa inakuja kwenye Corsa na Raum za zamani. Nikauliza mbali na injini kuna gharama gani nyingine. Akafuta mikono kwenye suruali, akaangalia juu kidogo, akasema, "Hakuna bosi, vitu vidogo vidogo tu."

Nikaamini.

Injini tuliifuata Gerezani, sio jela, ni kule Dar kwenye spea zilizotumika. Kule zimepangwa chini, zimeoshwa kwa petroli mpaka zinang'aa, na kila muuzaji anaapa yake imeshuka bandarini juzi kutoka Japani, juzi ya mwaka gani hasemi. Kuiwasha huwezi, haina rejeta, haina waya, haina chochote, kwa hiyo kuipima ni kijana anashika spana anazungusha puli ya krenki, ikiwa nzito anakwambia "unaona kompresheni hiyo", ikiwa nyepesi anakwambia "unaona ilivyo laini hiyo". Aisee hakuna injini iliyowahi kufeli mtihani ule. Afu unapewa garantii ya siku saba, na siku saba zinaanza kuhesabiwa ukishalipa, sio ukishawasha, yaani garantii inaisha injini bado imelala kwenye tairi bovu uani inasubiri fundi umeme. Bei siandiki hapa, mke wangu mama J naye ana simu.

Sasa kutoa injini kunataka winchi, lile la mnyororo, na winchi linataka mahali pa kuning'inia. Gerejini kuna nguzo za chuma, kwetu Tabata kuna mwembe wa mama mwenye nyumba. Akatoka na khanga yake akasimama. "Baba J mwanangu, hilo dude lina uzito gani?" Kabla sijafungua mdomo fundi karukia, "Jepesi mama, la Starlet hilo." Mama akasema haya, tawi likikatika nalipa kodi ya mwaka mzima mbele na embe zote nazinunua kwa bei ya soko. Embe zenyewe hazikuwepo, haukuwa msimu, lkn alishazihesabu.

Na boneti likishatolewa tu, jamani, sijui hawa watu huwa wanapigiwa simu na nani. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuja na kiti chake kabisa kutoka nyumbani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mmeanza vibaya." Hata hajakaa! Akaja bodaboda wa pale kona, akaja mwalimu wa sekondari, wakaja wengine wawili ambao mpaka leo sijui wanaishi wapi, na kila mmoja ana shemeji yake aliyewahi kubadili injini. Hakuna aliyeleta hata maji ya kunywa.

Nati za manifoldi ya ekzosi zimekaa pale tangu Starlet inatoka kiwandani, zimeungua zikashikana na kutu, ukikaza mkono zinakatika. Mzee akasema zimwagieni dizeli zilale nayo. Bodaboda akasema dizeli ya nini, soda. Mwalimu akatupa somo kwamba chuma kikipata joto kinatanuka, somo zuri na ni kweli, fundi akampa tochi ya gesi aendelee, mwalimu akakumbuka ana kipindi. Jumamosi. Boliti nzima tulizokuwa tunafungua tunatia kwenye kopo la Blue Band, kila jioni naona kopo linapungua, nikadhani ni macho yangu, mpaka nilipoona pikipiki ya bodaboda ile namba yake ya nyuma iliyokuwa inacheza imetulia imekazwa na boliti ya Toyota.

Ikatoka, injini na giaboksi vimeshikana, kwa juu. Springi za mbele zikakosa uzito, gari likanyanyua pua, likawa limekaa kwa maringo ambayo halikuwa nayo hata lilipokuwa jipya. Hapo ndipo mvua ikaanza.

Turubai tulikuwa nalo moja. Fundi akafunika injini mpya, mi nikataka lifunike gari, mama mwenye nyumba akataka lifunike kuni zake. Kuni zikashinda.

Sa turudi kwenye vitu vidogo vidogo. Injini ikiwa chini ndo wakati wa kubadili vile ambavyo ikishaingia huvifikii kirahisi, sili ya nyuma ya krenki, taimingi belti, wota pampu, klachi pleti, na hapo fundi ana haki yake, sili ile haina bei lkn ikija kuvuja baadae unashusha giaboksi kwa ajili ya kipande cha mpira. Sikatai. Ninachokataa ni namna vinavyokuja, haviji pamoja! Vingekuja vyote siku moja ningelia mara moja nikamaliza. Asubuhi sili, mchana unapigiwa simu ni maunti ya upande wa giaboksi imepasuka, jioni hozipaipu ya chini imelegea, kesho yake klipu za hiyo hozipaipu, keshokutwa fundi anakuangalia kwa huruma anasema "bosi kuna kakitu kadogo". Akianza na "ka" mi nshajua hiyo ni noti nyekundu kadhaa. Nilijumlisha vidogo vyote kwenye simu vikapita bei ya injini, nikajumlisha tena nikianzia chini kwenda juu, vikapita zaidi, kuna kimoja nilikuwa nimekiruka.

Halafu suala la mwiko. Klachi pleti lazima ikae katikati kabisa kabla hujakaza presha pleti, la sivyo shafti ya giaboksi haiingii, mtasukumana mpaka usiku. Kuna kifaa cha kuiweka sawa. Fundi kifaa chake kipo Buguruni, kwa mtu. Akasema tafuta mti wa mviringo wowote, na dogo wa spana, kijana mwepesi sana kwenye mambo yasiyomhusu, akaingia jikoni akatoka na mwiko wa ugali. Wakauzungushia mkono wake selotepu nyeusi ya umeme mpaka ukajaa kwenye tundu, wakakaza, wakachomoa, giaboksi ikaingia kwa msukumo mmoja, mzee wa reli akapiga makofi. Mama J alikuwa sokoni. Mwiko ulirudishwa mahali pake umeoshwa na sabuni ya unga, na ugali wa usiku ule mi nilisema nimeshiba.

Fundi wa injini akifika kwenye waya ananawa mikono. Anasema hiyo sio idara yake. Ndo unaanza kumtafuta fundi umeme, na fundi umeme siku zote yupo njiani. "Nipo njiani bosi, nishafika Ubungo," huku nyuma yake nasikia sauti ya mtu anamuuliza amuongezee chai. Alipofika hatimaye alikuta tumeshahamisha distributa ya zamani, waya wa zamani na kontrol boksi ya zamani, maana ndo njia rahisi, injini mpya haijui kama imehama nyumba. Akaangalia akasema nani amewafanyia hivi. Mafundi wote wana hilo swali, nadhani wanafundishwa.

Likawaka. Moshi ukafumuka boneti zima, oili iliyomwagikia ekzosi ndo inaungua, ni kawaida, lkn mashabiki wangu wale wa toka siku ya kwanza walikimbia mpaka barabarani, mwalimu mbele. Moshi ukaisha, injini inanguruma vizuri tu, na pale kwenye dashibodi taa ya cheki injini inawaka imenitolea macho. Fundi umeme akasema hiyo ndogo, tunatoa balbu.

Mzee wa reli akasimama! Toka aanze kuja hakuwahi kusimama. "Ishara haitolewi, kijana. Ishara inasomwa." Na kumbe inasomwa kweli. Kwenye hizi Toyota za zamani kuna kiboksi cha plastiki ndani ya boneti, unaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, ile taa inaanza kupepesa, unahesabu, haihitaji kompyuta ya mtu. Ikipepesa mara mbili ikapumzika ikapepesa mara mbili hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mbili ikapumzika ikapepesa moja ni 21, sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, na hiyo sasa bei yake ni ya kukaa chini.

Tukainama wote dirishani. Mzee anasema mbili-mbili. Bodaboda anasema mbili-moja. Fundi umeme anasema mbili-moja, na niliona macho yake yalivyong'aa maana sensa ya oksijeni anayo rafiki yake Ilala. Mama mwenye nyumba akaitwa aje aamue kwa kuwa hana upande, akahesabu akasema tano, alianza kuhesabu ya mzunguko uliopita. Wakawa wanabishana mpaka mama J akatoka na beseni lake la nguo, akachungulia sekunde chache, akasema "mbili, kimya, mbili, hamna shule nyie?" akaenda kuanika. Fundi umeme akapeleka mkono chini ya distributa, pakasikika "tak". Soketi ya sensa ya maji haikuwa imechomekwa. Yeye ndo aliyekuwa wa mwisho kuigusa lkn akasema injini za Gerezani ndo zilivyo.

Kutoa hewa kwenye maji ya rejeta sihadithii sana, nitasema tu kwamba lazima ufungulie hita iwe ya moto mwisho ili maji yazunguke mpaka kule ndani, na mtu wa kukaa ndani kukanyaga mafuta alikuwa mimi, saa nane mchana, Dar es Salaam, hita imewashwa, na watu wananiuliza kwa nje "vipi, inapoa?"

Afu kuna kitu kwenye vidogo vidogo hakuna aliyekitaja. Namba ya injini! Imeandikwa kwenye kadi ya gari, injini ikibadilika taarifa inabidi zibadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, na ili uipate hiyo namba inabidi uitafute kwenye bloku, chini ya grisi, upande ambao binadamu haoni. Tukapiga brashi, tukaweka karatasi juu tukasugua kwa penseli, ikatokea vizuri isipokuwa herufi moja ambayo ni 3 au 8, na mjadala wake umezidi ule wa taa. Uthibitisho mwingine ni risiti ya Gerezani. Nimeitoa nikaisoma vizuri. Imeandikwa "spea 1".

Sahivi gari linatembea, moshi hakuna, mlima wa daraja unapanda na gia ya nne, yule mama wa mtaa wa nyuma kanuna kabisa. Kilichobaki ni ile 4E ya zamani, ipo chini ya mwembe. Fundi anasema kimila injini inayotoka ni ya fundi. Dogo kashaleta mtu wa chuma chakavu na mizani yake. Mama mwenye nyumba anataka iondoke kabla ya tarehe ya kodi, mzee wa reli kashaizoea anaegesha bakora. Kwa hiyo kama kuna mtu anahitaji silinda hedi ya 4E, au alteneta, au stata inayopiga kwa funguo ya kwanza, aje aichukue tuongee, ila aje na spana zake mwenyewe na shemeji yake amwache nyumbani.