Chenga peke yake haziifanyi katuni iwe ya kizamani

Kuna hii fasheni ya kuchora mhusika kwenye tableti, unamwagia chenga (zile punje ndogondogo zinazochezacheza kwenye picha za filamu), unaongeza unjano kidogo, unaandika "anime ya miaka ya 90", yaani katuni ya Kijapani, na laiki zinaanza kuingia. Mi naona hapo bado hakuna kitu jamani. Vumbi na mikwaruzo wale mafundi wa katuni za zamani walikuwa wanapigana navyo kila siku, leo ndo sisi tunavitafuta kwa filta!

Ule muonekano ulitokana na namna kazi ilivyofanyika. Mchoro unahamishiwa kwenye karatasi angavu ya seluloidi, mistari inapigwa wino upande wa mbele, halafu unaigeuza unapaka rangi kwa nyuma, ndo maana rangi imetulia flati kabisa ndani ya mstari, alama ya brashi huioni, na kivuli ni rangi nyingine tu imekatwa kwa ukingo mkali, basi. Sasa mtu anachukua brashi laini anasugua shavu mpaka linang'aa kama tangazo la losheni, halafu anauliza mbona haifanani.

Begraundi sasa ndo kinyume. Hiyo ilipakwa kwa rangi za maji kwenye karatasi, mikono ya mchoraji inaonekana humo. Kile kugongana kwa mhusika flati na mandhari iliyopakwa kweli, kwangu hiyo ndo siri yenyewe. Kwenye Krita (programu ya kuchorea, ya bure, hakuna visingizio) natumia brashi zenye ukakasi kwa begraundi tu, mhusika namjaza kwa ile ndoo ya rangi, kisha nakopi leya yake (tabaka alilochorwa), naifanya nyeusi iliyofifia, naiweka chini ya mhusika na kuisogeza kiduchu, maana seluloidi ikilazwa juu ya begraundi ilikuwa inaangusha kivuli chembamba chini ya taa za kamera.

Halafu "kizamani" ipi? Disney walikuwa wanapiga wino kwa mkono, mistari laini, mingine ya rangi. Kwenye filamu yao ya mbwa wa madoadoa ya 1961 wakahamisha michoro kwa mashine ya fotokopi, mistari ikawa myeusi, mikavu, yenye makwaruzo ya penseli. Na Japani ile katuni ya TV ya Sazae-san ilikuwa bado inatumia seluloidi mpaka 2013, yaani juzi tu hapa. Chagua zama moja bana, usichanganye.

Kwenye mwendo, usiiachie programu ikujazie michoro ya katikati, ile ya kutoka pozi moja hadi jingine. Filamu ni fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja ulikaa fremu mbili, kwa hiyo unachora 12. Chenga zikija mwishoni, zenyewe zibadilike kwenye kila fremu kati ya zile 24 hata kama mhusika kaganda, kwa sababu chenga ni za mkanda wa filamu wenyewe. Punje ya vumbi iliyokaa juu ya seluloidi ndo inabaki na mchoro wake, ikitoka karatasi na yenyewe inatoka.